Tivoli wakati wa baridi: maswali ninayoulizwa na wageni wangu kila mwaka

Ikifika katikati ya Oktoba simu yangu haipumziki. Binamu yuko Hamburg anataka kuleta watoto wake watatu, rafiki wa dada yangu anakuja kozi ya wiki mbili mwezi wa kumi na mbili, wifi amepata viza baada ya kunyimwa mara mbili na anataka kuona kila kitu kwa siku nne. Wote wanauliza lile lile: hivi na baridi hii mtu anaweza kwenda Tivoli? Nimechoka kurekodi ujumbe wa sauti wa dakika saba saba, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Naishi Copenhagen, Denmark, mwaka wa 11 sasa. Sina undugu na Tivoli, getini nalipa kama ninyi.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa tano asubuhi ndiyo ile inayoonekana 11:00 kwenye tiketi. Nasema mapema kwa sababu shemeji yangu aliyekulia Uholanzi niliwahi kumwambia tukutane getini saa kumi, akatokea saa nne usiku, sisi tunatoka, watoto wamelala mabegani.

Tivoli ni kitu gani hasa?

Ni bustani ya burudani iliyo katikati kabisa ya jiji. Ukitoka stesheni kuu ya reli unavuka barabara moja tu, umefika. Ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843. Mwanzilishi wake, Georg Carstensen, alizaliwa Algiers, mtoto wa mwanadiplomasia wa Kidenmark, kwa hiyo kazini wakianza utani wa nini kimetoka Afrika mimi huanza na Tivoli. Inasimuliwa kwamba alimshawishi Mfalme Christian VIII ampe kibali kwa hoja kwamba watu wakiburudika hawawazi siasa. Akapewa eneo kwenye ngome za zamani za jiji, na lile ziwa mtakaloliona ndani ni kipande cha handaki la maji lililozunguka ngome hizo. Walt Disney aliitembelea mwaka 1951, miaka minne kabla hajafungua ya kwake California.

Ndani kuna bembea za kila aina, rolakosta (vitreni vinavyopanda na kushuka kwa kasi), migahawa, jukwaa la maigizo la mwaka 1874, maua wakati wa kiangazi na taa wakati wa giza. Zamani ilikuwa ya kiangazi tu. Soko la Krismasi lilianza 1994, Halloween ikafuata 2006, na msimu mfupi wa Februari ukaanza 2018.

Iko wazi siku zote za baridi?

Hapana, na hapa ndipo watu hupoteza nauli. Msimu wa Krismasi huanza katikati ya Novemba na kuishia siku chache baada ya Mwaka Mpya. Kisha wanafunga. Wanafungua tena wiki chache za Februari, shule zikiwa likizo, halafu wanafunga mpaka majira ya kuchipua. Tarehe kamili hubadilika kila mwaka, kwa hiyo fungua tovuti yao kabla ya kukata tiketi ya ndege, si baada.

Tarehe 24 Desemba usiende. Wadenmark husherehekea Krismasi usiku wa tarehe 24, nyumbani, na jiji zima hunyamaza. Sisi tuliozoea pilau la mchana wa tarehe 25 hatuwazi hilo, ndiyo maana kila mwaka kuna mgeni anayeniambia “nafika tarehe 23 jioni, kesho yake tunaenda Tivoli”. Kesho yake tunakaa ndani tunakula karanga.

Siku za kati ya Krismasi na Mwaka Mpya kuna fataki usiku. Ni nzuri kweli, ila watu hujaa kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Mimi napenda Jumanne au Jumatano ya mwishoni mwa Novemba: taa zote zimeshawekwa, na Wadenmark wenyewe bado hawajapokea mishahara ya mwisho wa mwezi.

Twende saa ngapi?

Saa nane mchana. Katikati ya Desemba jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa tisa na dakika 38 alasiri. Ukiingia saa nane unapata saa moja na nusu ya kuona njia, vyoo viko wapi, bembea gani mtoto anaimudu. Kisha giza linaingia mkiwa ndani, taa zinaanza kuwaka mti mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo mnaelewa kwa nini watu wanalipa kiingilio kusimama kwenye baridi. Wanaokuja saa tano asubuhi huwa wameshaganda na kununa kabla kitu chenyewe hakijaanza.

Baridi yake ni kama ya wapi kwetu?

Hili ndilo swali namba moja. Desemba ya Copenhagen mara nyingi ni kati ya nyuzi joto 0 na 5. Mtu wa Makete au Njombe akisikia hivyo anacheka, kwa sababu Julai kule umande huganda na maisha yanaendelea. Mtu wa Limuru naye vivyo hivyo. Lakini kule jua likipanda, ikifika saa nne asubuhi unavua sweta. Huku jua halipandi. Saa sita mchana limeinama juu ya mapaa kama linachungulia, halafu linarudi lilikotoka. Hakuna saa ya kuota jua. Ubaridi ulioingia mwilini saa nane unakaa nao hadi ukutane na ukuta wenye joto.

Pili ni upepo na unyevunyevu. Jiji liko kando ya bahari. Hewa ikiwa nyuzi 2 na upepo wa kilomita 20 kwa saa, ngozi ya uso inahisi kama iko karibu nyuzi 3 chini ya sifuri. Ndiyo maana programu ya hali ya hewa kwenye simu inasema 2 na wewe machozi yanakutoka.

Tatu ni kusimama. Nyumbani ukiwa na baridi unatembea, unalima, unachota maji. Bustanini unapanga foleni.

Basi tuvae nini?

Anza na miguu. Nimepeleka wageni wengi Tivoli, na sijawahi kuona aliyeshindwa kwa sababu ya kifua. Wote hushindwa kwa vidole vya miguu. Ardhi inanyonya joto kupitia soli, na raba nyembamba za kitambaa ni sawa na kusimama peku. Vaa buti au kiatu chenye soli nene, weka ndani soli ya ziada ya sufu (zinauzwa bei ndogo kwenye maduka ya viatu), soksi moja ya sufu. Moja. Wifi alivaa tatu ndani ya kiatu cha saizi yake, kikambana, damu ikakwama, akalia kwa vidole kabla hatujafika kwenye bembea ya kwanza. Kiatu kiwe na nafasi ya kuchezesha vidole.

Juu vaa tabaka kadhaa: fulana ya ndani ya mikono mirefu inayobana, ya sufu au ya kitambaa cha michezo, juu yake sweta, juu kabisa koti lisilopitisha upepo. Fulana ya pamba iache hotelini. Pamba ikishika jasho haliachii, na jasho likipoa mgongoni unatetemeka hata koti likiwa zito namna gani. Chini ya suruali vaa taitsi, wanaume pia, hakuna atakayewaona. Jinzi peke yake ikilowa ni adhabu.

Kichwani mzula unaofunika masikio. Glavu ziwe jozi mbili kwa kila mtoto, kwa sababu moja itabaki kwenye bembea.

Koti zito si lazima ununue jipya huku. Nenda Karume au Gikomba kabla ya safari, chagua bila haraka. Langu la kwanza nililitoa Karume. Nilipofika huku nikakuta lebo ya ndani ina Kidenmark. Lilikuwa limekwenda likizo tu. Na ukishafika, maduka ya mitumba ya Msalaba Mwekundu yapo jijini na bei zao zinavumilika.

Onyo dogo kwa wanaovaa tabaka tano: kwenda chooni kunahitaji mipango. Usisubiri ukazidiwa.

Bembea zinafanya kazi kweli kwenye baridi?

Nyingi zinafanya, ila si zote na si kila siku. Kuna sababu za kiufundi. Rolakosta ya chuma huvutwa juu mara moja, baada ya hapo inakwenda kwa uzito wake yenyewe. Baridi ikizidi, grisi kwenye beringi inakuwa nzito, mpira wa magurudumu unakakamaa, treni inapoteza kasi. Ikipoteza nyingi, inashindwa kupanda kilima kinachofuata, inarudi nyuma, inabaki bondeni na watu wake. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka kiwango cha chini cha joto ambacho chombo hakiruhusiwi kutembea, na kabla ya kufungua mafundi hupitisha treni tupu mara kadhaa ili reli na magurudumu vipate moto. Ukiona treni inazunguka bila mtu, usidhani wanakubania. Wanaipasha.

Upepo ndio unaofunga zile ndefu kwanza. Himmelskibet, bembea za minyororo zinazozunguka kwenye mnara wa mita 80, na Det Gyldne Tårn, mnara wa mita 63 unaokuangusha wima, zinaweza kusimamishwa wakati rolakosta zinaendelea. Himmelskibet hufika kasi ya kama kilomita 70 kwa saa. Kwa hewa ya nyuzi 2, uso wako kule juu unahisi kama nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri. Ni dakika chache, na jiji zima liko chini yako na minara yake ya shaba ya kijani, lakini panda ukiwa umefunika pua.

Dæmonen, rolakosta ya mwaka 2004, inapindua watu vichwa chini mara tatu na kukimbia hadi kilomita 77 kwa saa. Machozi yatatoka hata kwa jasiri.

Ninayowapeleka wageni wote ni Rutschebanen, rolakosta ya mbao ya mwaka 1914. Imejengwa kama mlima wa bandia, na mpaka leo ina mshika breki anayesafiri ndani ya treni pamoja na abiria. Kwenye za kisasa breki ziko relini na kompyuta ndiyo inayoamua. Hapa anaamua mtu. Jioni moja ya Desemba nilikaa karibu naye. Kijana tu, mzula hadi kwenye nyusi, glavu za ngozi zilizochakaa viganjani. Kila tulipokaribia kona alivuta wenzo kidogo, akaachia, akavuta tena, sikio moja kama linasikiliza reli, mfano wa dereva wa lori anayeshuka Kitonga na mzigo. Mbao zikilowa au zikikauka, treni ikiwa nzito au nyepesi, yeye ndiye anayejua. Niliposhuka nilitamani kumpa mkono, lakini alikuwa ameshageuka kuhesabu abiria wengine.

Ninunue pasi ya bembea zote au tiketi moja moja?

Kwanza elewa kwamba kiingilio na bembea ni vitu viwili. Ukilipa getini umelipia kuingia, kutembea, kuona taa na maonyesho ya wazi. Bembea unalipia mbali, ama moja moja, ama kwa pasi ya siku nzima.

Kiangazi pasi inajilipa. Wakati wa baridi, kwa mtu mzima, naona ni pesa ya bure. Utapanda tatu, mikono itakufa ganzi, utatafuta kitu cha moto cha kunywa, na ukishakaa ndani kwenye joto hutoki tena kirahisi. Nunua moja moja. Isipokuwa mna vijana wa miaka 12 hadi 17. Hao hawasikii baridi, wanunulie pasi mkubaliane mahali pa kukutana.

Nina wigi. Nina hijabu. Nifanyeje?

Wigi: vua au usipande vitu vya kasi. Sitataja jina, lakini kuna mtu wa familia yetu aliyeshuka kwenye Dæmonen na mzula tu. Rasta na nywele ndefu zifunge nyuma ndani ya kola.

Hijabu haina shida, ila ncha zote ziingizwe ndani ya koti na zisining’inie. Skafu ndefu ya shingoni ni hatari kwa yeyote, inaweza kunaswa, na wahudumu watakwambia uivue. Badala yake tafuta ile ya duara inayovaliwa kama mkufu mpana, au hijabu ya kuvaa tu isiyo na pini. Pini za chuma zitoe. Kwenye kuzunguka huku zinachoma.

Watoto wadogo wataweza?

Watoto wa Kidenmark wanaweza, na ukiwaangalia utaelewa kwa nini: wamevaa ovaroli moja nene kutoka shingoni hadi miguuni, isiyopitisha maji. Wazazi wao ndio hao hao wanaolaza watoto wachanga nje kwenye vigari vyao adhuhuri ya Januari, wenyewe wako ndani ya mgahawa wanakunywa kahawa. Mara ya kwanza nilitaka kupiga simu polisi.

Azima ovaroli kwa mwenyeji wako, usinunue kwa siku moja. Mtoto aliye kwenye kigari hatembei, kwa hiyo yeye anapata baridi kabla yako wewe unayekisukuma. Mguse shingo kwa nyuma kila baada ya muda, viganja vinadanganya. Ikiwa shingo ni ya baridi, ingieni ndani.

Kwa wadogo kuna Den Flyvende Kuffert, sanduku linaloruka, linalowapitisha taratibu ndani ya jengo katikati ya visa vya Hans Christian Andersen. Ni mahali penye paa na mnakaa. Wanangu walirudia mara tatu. Mimi nilirudia kwa ajili ya miguu.

Mama yangu ana miaka 70. Na mdogo wangu ana selimundu.

Mama aje, ila msimpangie saa nyingi. Saa mbili zinatosha, moja nje na moja ndani. Njia zingine zina mawe na zikilowa halafu zikaganda huteleza. Mshike mkono, yeye asijifanye bado kijana.

La selimundu naliandika kwa herufi kubwa kichwani mwangu kwa sababu Wazungu wengi hawalijui: baridi inaweza kuamsha maumivu makali kwa mwenye ugonjwa huo. Na si baridi peke yake, kukosa maji na kuchoka pia. Azungumze na daktari wake kabla ya safari, abebe dawa zake mkononi na si kwenye begi la hotelini, anywe vitu vya uvuguvugu mara kwa mara, na asipande vile vya kumpiga upepo. Akisema “naanza kusikia”, mnaondoka papo hapo, hata kama mmeingia sasa hivi. Kiingilio si kitu.

Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa skafu ili hewa ipate joto kabla ya kuingia kifuani, na pampu yake ikae mfuko wa ndani ya koti.

Chakula je?

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Siku ya kwanza nilipoingia Tivoli nilikuwa peke yangu, mgeni wa miezi miwili, nimenuna. Nikasikia harufu ya iliki. Nikaifuata hadi kibanda kimoja, nikakuta mama wa makamo mbele ya chuma cheusi chenye vishimo vya duara, anamimina uji wa unga, anasubiri ukingo ukauke, kisha kwa kijiti chembamba anageuza kila kimoja robo, halafu robo nyingine, mpaka kinakuwa mpira. Vitumbua! Nilisimama pale nikiwa nimeziba mdomo kwa glavu. Wao wanaviita æbleskiver. Jina maana yake ni vipande vya tofaa, ingawa siku hizi tofaa hamna ndani. Ni unga wa ngano na maziwa ya mgando badala ya mchele na tui, na iliki mara nyingi imo. Wanakupa na jamu na sukari laini ya unga. Ukitaka maoni yangu, cha bibi yangu wa Tanga kinashinda, lakini ukiwa kwenye nyuzi 2 hukumu yako inalegea.

Harufu ya pili ni ya lozi zinazokaangwa kwenye sukari ndani ya sufuria ya shaba. Mtu aliyekulia kwenye kashata atazielewa mara moja. Nunua koni moja ya karatasi, ishike kwa mikono miwili, upashe vidole kabla hujala.

Kinywaji cha msimu ni gløgg: divai nyekundu iliyochemshwa na mdalasini, karafuu, zabibu kavu na lozi. Watu wa Unguja wataijua harufu hiyo kabla hawajaona kikombe. Ina pombe, lakini isiyo na kilevi huuzwa pia, sema *alkoholfri*. Na wanaokunywa ile yenye kilevi wajue kwamba pombe inakufanya uhisi joto huku mishipa ya ngozi ikipanuka na joto lenyewe likitoka mwilini. Baada ya vikombe viwili mtu anafungua koti, nusu saa baadaye anatetemeka.

Kwa wasiokula nguruwe: mkate maarufu wa Krismasi ni wa *flæskesteg*, yaani nyama ya nguruwe yenye ngozi kavu, na soseji nyingi za barabarani ni za nguruwe pia. Maneno ya kuangalia ni *svin* na *flæsk*. Samaki, viazi na supu vipo.

Bei ni za katikati ya jiji, maana yake ni kali. Unaruhusiwa kuingia na chakula chako. Mimi hubeba chupa ya chai ya tangawizi lita moja na chapati zilizofungwa kwenye foili, tunakaa kwenye benchi karibu na ziwa, na Wazungu wanatuangalia kwa wivu.

Vipi kuhusu sala?

Siku ni fupi, kwa hiyo vipindi vimebanana. Katikati ya Desemba adhuhuri inaingia baada ya saa sita, alasiri inafuata upesi, na magharibi imeingia kabla ya saa kumi. Aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu anaweza kupitwa na mbili bila kujua. Weka adhana kwenye simu, swali adhuhuri na alasiri kabla ya kutoka, na upange mapumziko ya kwanza ya ndani yaangukie magharibi.

Simu yangu ilizima ikiwa na chaji asilimia 40. Imeharibika?

Haijaharibika. Betri za lithiamu hupunguza nguvu kwenye baridi na simu inajizima kujilinda. Ikipata joto inarudi. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, itoe kwa picha na uirudishe. Shida ni kwamba tiketi yako iko humo humo. Chapisha nakala ya karatasi au mtumie mwenzio picha ya tiketi. Pawabenki nayo ikae ndani ya koti, ina betri ya aina ile ile.

Tutaona theluji?

Msiitegemee. Copenhagen ya Desemba ni manyunyu na ukungu kuliko theluji. Krismasi nyeupe kwa nchi nzima ni jambo la kuhesabu: ilitokea 2009 na 2010 mfululizo, na kabla ya hapo ilikuwa 1995. Nyeupe mtakayoiona juu ya miti ya Tivoli mara nyingi wameiweka wenyewe. Watoto hawajali, wapigeni picha.

Na mvua ikinyesha?

Nendeni vile vile, foleni hupungua nusu. Mwavuli uacheni, upepo utaugeuza na kwenye bembea hauingii. Koti la mvua lenye kofia, basi.

Tunafikaje?

Kutoka uwanja wa ndege treni inafika stesheni kuu, København H, kwa kama dakika 15. Metro ya mzunguko iliyofunguliwa Septemba 2019 ina vituo viwili jirani, København H na Rådhuspladsen. Walio Malmö wanavuka daraja la Øresund kwa treni, chini ya saa moja. Mizigo iacheni kwenye makabati ya stesheni, msiingie na masanduku. Fedha taslimu hazihitajiki sana, kadi inakubalika karibu kila mahali, na sarafu ni krone, si yuro. Yuro moja ni kama krone 7.46.

Sisi hatuko Denmark. Kuna bustani nyingine za baridi?

Zipo. Liseberg ya Gothenburg, Sweden, ina soko lake la Krismasi. Efteling ya Uholanzi iko wazi mwaka mzima tangu 2010. Disneyland ya Paris nayo haifungwi, na waliijenga wakijua mvua ya huko: barabara yake kuu ina vijia vilivyoezekwa pande zote mbili. Walio Toronto, Canada’s Wonderland imewahi kuwa na msimu wa taa, ila baridi ya Canada ni somo jingine kabisa na mimi sina digrii yake. Marekani angalieni sana kabla ya kuendesha gari: zile za kaskazini kama Cedar Point, kando ya Ziwa Erie, hufunga vuli na kufungua tena Mei.

Tukiganda kabla ya kumaliza?

Mtaganda, hiyo ni ratiba. Kila dakika 40 ingieni sehemu yenye joto hata kama mnajisikia vizuri. Ukisubiri mpaka utetemeke, kupasha mwili kunachukua muda mrefu zaidi. Kuna jumba la vyakula upande wa stesheni, kuna migahawa, na baraza nyingi za nje zina vipasha joto na mablanketi ya kujifunika. Blanketi ni la mgahawa, msiondoke nalo. Shangazi, nakusema wewe.

Wewe utakuja nasi?

Nakuja. Napanda Rutschebanen mara moja, kwa heshima ya mshika breki. Baada ya hapo mtanikuta kwenye benchi na makoti yenu, chupa ya chai iko kwangu. Mkirudi pitieni kwa yule mama wa vitumbua, mniletee vitatu, jamu iwe pembeni.